Mtunzi Naye ni Mwandishi

Waimbaji tunawasifu sana. Mtunzi, aliyekesha na daftari akihesabu silabi, mara nyingi husahauliwa na hata kwaya inayoimba maneno yake. Mimi namweka miongoni mwa waandishi, na ushahidi wangu nautoa Ruvuma.

Nyimbo nyingi za kanisa zilizotoka misheni ya Peramiho na kupanda milima ya Umatengo hadi Litembo zilikuja na sauti za Ulaya. Maneno yaligeuzwa kuwa Kiswahili, sauti zikabaki zilezile. Hapo ndipo penye tabu. Sauti nyingi za Kijerumani humaliza mstari kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho, na Kiswahili hakisemwi hivyo. Chukua neno "anakuja". Mdomoni uzito uko kwenye "ku". Wimbo ukiuhamishia kwenye "ja", neno linapinda, na msikilizaji analipokea kama la mgeni. Vizazi vimeimba hivyo kwa imani kubwa, na sina neno na imani yao. Lakini fundi hawezi kuridhika.

Fundi huusema mstari kwanza, polepole, kama anavyomwambia mtu aliye mbele yake, huku akigonga meza kwa kidole. Anasikiliza sauti inapanda wapi, inashuka wapi, pumzi inakatika wapi. Solfa huandika baadaye. Silabi ikizidi, haibani ndani ya noti. Anatafuta neno lingine, na kulipata kunaweza kumchukua wiki nzima. Waimbaji wa besi na teno watapata njia yao baada ya neno kutulia. Kama hiyo si kazi ya mshairi, sijui mshairi hufanya nini.

Padri Stephen Mbunga, mtu wa Kusini hukuhuku, aliijua kazi hiyo kwa vitendo na kwa maandishi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Kilatini kikiwa bado ndiyo lugha ya Misa, alitunga Misa Baba Yetu. Kisha akashika kalamu ya msomi, na mwaka 1963 akachapisha kitabu kwa Kiingereza kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati ya liturujia iliyotaka muziki wa jadi wa mataifa ya misioni uheshimiwe. Mbunga alikuwa ameshafika huko, kwa wimbo na kwa kitabu.

Ukiteremka hadi Ziwa Nyasa, kuelekea Mbamba Bay na Liuli, utakuta ngoma ya mganda, yenye mistari na hatua zilizoigwa kwenye gwaride la askari wa kikoloni. Vibuyu vyake vina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Mchezaji hapulizi tu. Anaimbia ndani ya kibuyu, utando unatetema, maneno yanamezwa na mlio. Hata hivyo anayeujua wimbo huyasikia maneno yote, kwa kuwa mlio umefuata njia ya usemi. Sijaona mtihani mgumu kuliko huo kwa mtunzi.

Mwambao huohuo ulimzaa Kapteni John Komba, Lituhi, mwaka 1954. Alikuwa mwalimu, akawa mwanajeshi, akaongoza kikundi cha sanaa cha Tanzania One Theatre (TOT), na tangu 2005 akawa mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki tarehe 28 Februari 2015. Wengi humtaja kwa nyimbo za chama chake, CCM. Kwangu kipimo chake ni maombolezo ya Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999, redio zilipozirudia nyimbo zake mchana na usiku. Zilisema kama watu wasemavyo msibani, bila neno la mapambo, na nchi nzima ikazishika. Darasani, jeshini, jukwaani na bungeni, chombo chake kilikuwa kilekile: sentensi inayokaa mdomoni mwa watu wengi kwa pamoja.

Nawasihi walimu wa kwaya wa Mbinga na Nyasa: kila wimbo uandikwe jina la mtunzi, kijiji na mwaka. Daftari zilizoko makabatini mwa parokia na mitaa ya Waanglikana zikusanywe kabla mchwa hawajazimaliza, na wachapishaji watoe maneno ya nyimbo hizo kama vitabu vya ushairi, kwa sababu ndivyo yalivyo.