Jicho Linalosubiri

Katika vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, vya Geita na Shinyanga, filamu hainyamazi. Mtafsiri yuko juu ya kila kitu: anawataja wahusika, anawaonya, anacheka kabla yetu. Nimekulia kwenye mabenchi hayo, nikibanana na wachimbaji waliotoka maduarani na vumbi la mawe bado limekaa kwenye nyusi, na sauti ile naipenda mpaka leo. Lakini Rafiki, filamu ya Mkenya Wanuri Kahiu, ilinifunza kwamba yapo mambo yakitangazwa yanakufa.

Kena na Ziki ni mabinti wa Nairobi; baba zao wanagombea kiti kimoja cha siasa. Wanapendana, na hakuna anayetuambia. Kena anamtazama Ziki akicheza na wenzake barabarani, nywele zake za rangi rangi zikirukaruka, na kamera inasubiri. Gari bovu lililotelekezwa linageuka chumba chao, na hapo pia kamera inasubiri. Wanaoosha unga wa mawe huku kwetu wanaijua subira hiyo: ukiyaachia maji yaende mbio, dhahabu nayo inaondoka.

Kiswahili kina siri yake. Ukisema “ananipenda,” hujasema ni mwanamume au mwanamke. “Rafiki” ndiyo kabisa: ni neno ambalo wengi hulitumia kumtambulisha mtu wasiyethubutu kumwita mpenzi, na ndiyo maana Kahiu alilichagua. Lugha ilipofunika, yeye aliweka mwanga.

Jicho hilo la Kahiu linalosubiri halikuota usiku mmoja. Katika From a Whisper alirudi kwenye mlipuko wa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Katika Pumzi, filamu fupi ya 2009, alimfuata mwanamke mmoja anayebeba mche jangwani katika dunia iliyokauka maji. Kisha akachukua “Jambula Tree,” hadithi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007, akahangaika miaka kadhaa kutafuta fedha za kuigeuza kuwa Rafiki.

Mwaka 2018 Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes. Nyumbani ilipigwa marufuku. Kahiu ameeleza kwamba alitakiwa kubadili mwisho, maana ulikuwa na matumaini mno. Alikataa, akaenda mahakamani. Septemba mwaka huohuo marufuku ikasimamishwa kwa siku 7, na watu wa Nairobi wakajaza kumbi.

Mwisho wenyewe ni mdogo sana: mkono unagusa bega. Kwa mguso huo Kahiu aliweka rehani kazi yake yote, kwa sababu alijua kwamba wapo watu ambao hawajawahi kuonyeshwa kwamba nao wanaweza kurudiana wakiwa hai. Mtafsiri wetu, mwenye maneno ya kila pigano na kila kilio, akifika hapo naomba azime kipaza sauti. Atuache tuone.