Matoleo Mawili ya Shujaa Mmoja: One-Punch Man katika Uhakiki wa Mashabiki

Mijadala ya mashabiki wa manga na katuni za mtandaoni aghalabu hupuuzwa na wahakiki wa fasihi kwa madai kwamba ni gumzo lisilo na vigezo. Historia haiyaungi mkono madai hayo. Comiket, soko ambamo mashabiki wa Japani huuziana kazi walizozichapisha wenyewe, lilianzishwa jijini Tokyo mwezi Desemba 1975 na Meikyu, kikundi cha mashabiki waliokuwa pia wahakiki wa manga. Makala haya yanachunguza vigezo vya mashabiki kwa kurejelea One-Punch Man, kazi yenye matoleo mawili yanayosomwa sambamba.

Toleo la kwanza lilianza mwaka 2009, pale mtunzi anayetumia jina la ONE alipoliweka katika tovuti yake mwenyewe. Mistari yake ni michache, maumbo hayana uwiano, na mandhari mara nyingi huachwa matupu. Mwaka 2012, Yusuke Murata, aliyekwisha kujulikana kwa uchoraji wa Eyeshield 21, alianza kuichora upya hadithi hiyo katika Tonari no Young Jump, tovuti ya kampuni ya Shueisha. Saitama, shujaa anayewashinda maadui kwa ngumi moja na kuchoshwa na ushindi wake, ni yuleyule. Kilichobadilika kwanza ni fani.

Wapo mashabiki wanaolitukuza toleo la Murata kwa ustadi wa mkono wake. Wengine hushikilia kwamba usahili wa ONE ndio unaobeba kejeli ya hadithi. Hoja ya kwanza ina udhaifu, kwani inauchukulia ustadi kuwa thamani yenyewe. Hata hivyo, Murata mwenyewe hakuutupa usahili huo. Katikati ya majengo na majitu yaliyochorwa kwa undani, uso wa Saitama hubaki duara tupu lenye macho mawili. Tofauti hiyo ndiyo inayochekesha: kadiri adui anavyotisha, ndivyo ngumi moja inavyomfedhehesha.

Tatizo hujitokeza katika pambano la Saitama na Garou. Katika toleo la ONE, uzito umo katika mazungumzo: Saitama anamfichulia Garou kwamba lengo lake la kweli lilikuwa kuwa shujaa, si jitu. Katika toleo la Murata, pambano linafika angani na hata kurudi nyuma katika wakati. Fani iliyokuwa ikiikuza kejeli sasa inaifunika. Kwa mtazamo wa Nadharia ya Upokezi, hasa dhana ya Jauss ya upeo wa matarajio, msomaji aliyetoka katika toleo la ONE alisubiri hukumu ya kimaadili, ilhali aliyeanza na Murata alisubiri ukubwa wa tukio. Wote wawili wamesoma vema. Hawakusoma kazi moja.

Suala hili linakuwa gumu zaidi kwa sababu baadhi ya sura za Murata zilichorwa upya baada ya kutolewa mtandaoni, na matukio yake yakabadilishwa. Mapitio ya mashabiki yaliyoandikwa kabla ya mabadiliko hayo yamekuwa ushahidi wa matini ambayo msomaji wa leo haikuti tena kitabuni. Mtafiti wa fasihi simulizi anaifahamu hali hii: hadithi hubadilika kila inapotambwa, na hadhira ndiyo hukumbuka ilivyotambwa jana.

Kwa hiyo, mhakiki wa katuni za mtandaoni asiyetaja toleo alilolisoma, na wakati alipolisoma, anahukumu kazi ambayo msomaji wake huenda asiione. Mashabiki, pamoja na kuutukuza mno ustadi wa mkono, wamelizingatia sharti hilo kwa kuyalinganisha matoleo fremu kwa fremu. Uhakiki wa kitaaluma hauna budi kulizingatia pia.