Kichwa cha Faili na Kima wa Rungwe

Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kipunji kabla jarida lolote la sayansi halijamtaja. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakiulizia wanyama katika vijiji vya Mlima Rungwe walianza kufuatilia habari za kima huyo mwenye haya, na mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya. Mwaka uliofuata, baada ya mmoja kukutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima na kuchunguzwa, alipewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima tangu 1923.

Kisha vinasaba vikaleta utata. DNA ya mitokondria, ile inayorithiwa kwa mama, ilionyesha kipunji wa Rungwe yuko karibu mno na nyani wa manjano. Lakini mwaka 2010 ilibainika kuwa kipunji wa msitu wa Ndundulu, kule Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka Rungwe, hawana alama hiyo. Inaelekea zamani mababu wa kipunji wa Rungwe walizaliana na nyani. Hoja yote imesimama juu ya jambo moja dogo: kujua sampuli ipi ilitoka mlima upi.

Uchambuzi ule ulitumia vipande vifupi vya DNA. Siku hizi husomwa jenomu nzima, na ulinzi wa jambo hilo dogo umehamia mahali ambapo watu wengi hawapaangalii, yaani kichwa cha faili la BAM. Kuna mafundi wanaojua kukaa na kichwa hicho saa nzima kabla ya kugusa kitu kingine, na mimi nawahusudu.

Mashine husoma DNA katika mamilioni ya vipande. Programu hukipanga kila kipande mahali pake juu ya jenomu ya rejea, na matokeo huhifadhiwa katika faili la BAM, muundo ambao Heng Li na wenzake waliuchapisha mwaka 2009. Juu kabisa hukaa kichwa. Mistari ya @SQ hutaja kromosomu za rejea na urefu wake. Mistari ya @RG hueleza vipande vimetoka kwenye sampuli gani. Ni kama daftari la karani wa kituo cha kupokelea majani ya chai: kilo zimeandikwa chini, lakini bila jina la mkulima kilo hizo hazina mwenyewe.

Tuseme maabara mbili zimesoma kipunji, moja wa Rungwe, nyingine wa Ndundulu, kila moja ikitumia rejea ya nyani anubi. Fundi anataka kuyaunganisha mafaili, programu inagoma: vichwa havilingani. Mwenye pupa hutafuta njia ya kuinyamazisha. Achukue kichwa cha faili la kwanza, alivishe faili la pili, mambo yaende.

Hapo ndipo maafa yanapoanza, kwa sababu ambayo haionekani kwa macho. Ndani ya BAM, kipande hakibebi jina la kromosomu. Kinabeba namba tu, nafasi ya kromosomu hiyo katika orodha ya kichwani. Maabara moja imepanga 1, 2, 3; nyingine imepanga kwa abjadi, 1, 10, 11, na 2 ikaja mbali. Ukibadilisha orodha ukauacha mwili ulivyo, vipande vya kromosomu ya 10 vinahamia ya 2 bila onyo lolote, na grafu bado zitachorwa vizuri.

Fundi hufungua vichwa viwili ubavu kwa ubavu na kusoma mstari kwa mstari. Jina ni “chr1” huku na “1” kule? Hilo huenda ni jina tu, lakini haamini mpaka alinganishe urefu. Katika jenomu ya binadamu, kromosomu ya 1 ina herufi 249,250,621 kwenye toleo la GRCh37 na 248,956,422 kwenye GRCh38. Jina lilelile, kitu kingine. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mitokondria. Nakala iliyoitwa chrM katika rejea ya binadamu ya hg19 ilikuwa na herufi 16,571, ilhali ile iliyoitwa MT katika rejea za wengine ilikuwa na 16,569. Herufi mbili tu! Anayegeuza MT kuwa chrM kwa kufuta na kuandika upya amezichanganya nakala mbili tofauti. Urefu ukilingana, bado kuna alama ya M5, muhtasari wa mfuatano wenyewe, nayo hubadilika hata ikibadilika herufi moja.

Kisha @RG. Ikiwa maabara zote mbili zimempa mnyama wao jina “kipunji1”, samtools, programu ya kuunganisha mafaili, itatenganisha vitambulisho vya makundi ya vipande vinavyogongana kwa kuongeza kiambishi, lakini jina la sampuli haitaligusa. Programu zinazofuata husoma jina hilo. Mnyama wa Rungwe na wa Ndundulu watakuwa mnyama mmoja, mwenye mitokondria ya nyani na isiyo ya nyani kwa pamoja, na mtu atamwandikia makala. Kosa hili halitoi onyo hata moja, kwa hiyo fundi hulitafuta hata programu isipolalamika.

Kama rejea ni matoleo mawili tofauti ya jenomu ya nyani anubi, mathalani Panu_3.0 na Panubis1.0, hakuna amri ya kuvipatanisha vichwa. Anavirudisha vipande katika hali ghafi na kuvipanga upya vyote juu ya rejea moja, kazi ya kompyuta ya muda mrefu ambayo wakubwa huiona ni kupoteza wakati. Kama tofauti ilikuwa ya majina na mpangilio tu, anarekebisha majina, anapanga upya, anaunganisha. Halafu anahesabu vipande vya kila kromosomu katika mafaili ya awali, anajumlisha, na kulinganisha na faili jipya. Kromosomu ya 7 ikipungua hata kipande kimoja, anaufuta muungano na kuanza tena kwenye mstari wa kwanza wa @SQ.