Isidingo na Hadhira Iliyoikamilisha

Aliyeijua Johannesburg kupitia tamthilia kabla ya kuikanyaga hupigwa na butwaa afikapo Randburg. Niliishi huko miezi minne mwaka 2019 kwa shughuli za utafiti, katika nyumba za kupanga zilizozungukwa na ukuta wenye nyaya za umeme. Jirani nilimtambua kwa rangi ya gari lake. Sivyo nilivyoizoea nchi ile. Katika Horizon Deep, mji wa migodi uliobuniwa kwa ajili ya Isidingo, mchimba dhahabu na tajiri, Mweusi, Mzungu na Mhindi, wote walikutana baa moja na kuambiana ukweli.

Isidingo, neno la Kizulu lenye maana ya haja, ilibuniwa na Gray Hofmeyr na kuanza kurushwa na SABC mwaka 1998. Kwetu iliingia kupitia ITV. Wahakiki wa Kiswahili, nami nikiwamo, tuliipita kimya. Tuliihesabu miongoni mwa kazi pendwa zisizostahili wino: msuko unaojirudia, matukio ya kubahatisha, waovu wasio na chembe ya wema. Kasoro hizo zipo na sizikanushi. Kosa letu lilikuwa kuisoma kazi kana kwamba inaishia kwenye kioo cha televisheni.

Pale Sinza tulipoitazama, televisheni ilikuwa moja kwa nyumba nne. Mwenye nyumba alikuwa na kauli ya mwisho, na aliyekuwa na ugomvi naye wiki hiyo alisimama dirishani. Lugha ilikuwa Kiingereza, na wengi sebuleni hawakukielewa. Binti mmoja wa sekondari alitafsiri papo kwa papo. Asipoelewa alibuni, na mara nyingi alichobuni kilikuwa bora. Kazi yake ilikaribiana na ile ya Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili jijini Dar es Salaam. Huyo ni fanani kamili wa fasihi simulizi, na sisi tulikuwa hadhira inayodakia, inayobisha, inayodai arudie.

Kisha kipindi kilikatika mahali pabaya kuliko pote. Taharuki hiyo tumezoea kuiita hila ya kibiashara. Naiona sasa kuwa ndiyo sehemu yenye rutuba zaidi katika fani ya tamthilia. Kati ya jioni moja na nyingine kulikuwa na saa ishirini na tatu na ushei ambazo mwandishi wa muswada hakuzimiliki. Kisimani, kwenye daladala, kwa mama ntilie, watu wasiokuwa na jambo la kuongea walikuwa na Cherel, yule mwanamke katili aliyeigizwa na Michelle Botes. Shangazi yangu alipatana na jirani waliyenuniana muda mrefu kwa sababu alikosa kipindi cha Ijumaa na hakuwepo mwingine wa kumhadithia. Waovu wasio na chembe ya wema wana faida hiyo: wanachukiwa kwa pamoja, bila kuhitaji ufafanuzi.

Jambo hili nililielewa Randburg, mtaa ambao, kwa kejeli ya aina yake, una makao makuu ya MultiChoice, kampuni iliyoleta Huba sebuleni mwetu. Mlinzi wa zamu ya usiku alikuwa mtu wa Lubumbashi. Salamu zetu zilikuwa fupi mpaka siku nilipoikuta televisheni ndogo ya chumba cha langoni ikionesha Isidingo, naye ameketi na mama mfanya usafi kutoka Bulawayo. Nilimtaja Cherel, ingawa enzi zake kwenye tamthilia zilikuwa zimeshapita.

“Mwalimu, ule mama alikuwa mubaya!” akasema, akanisogezea kreti ya soda nikalie.

Tangu jioni hiyo nilikuwa na mahali pa kwenda. Yule mama alimweleza mlinzi kwa Kiingereza, mlinzi akanieleza kwa Kiswahili cha Kongo yale niliyokwisha kuyaelewa, nami sikumkatiza. Humo ndimo nilimojua kwamba mlinzi alikuwa na diploma ya ualimu, na kwamba mama alikuwa hajamwona mwanawe kwa miaka sita. Hakuna aliyeulizwa. Yalitoka wakati wa matangazo.

Sidai kwamba tamthilia huvunja kuta. Ukuta wa pale ulibaki na umeme wake, na wapangaji wenzangu hawakuwahi kuingia chumba kile. Nasema tu kwamba uhakiki unaohesabu wahusika wa kwenye kioo pekee unawaacha nje watu watatu hawa, ilhali bila wao kazi haijakamilika.

Isidingo ilifungwa Machi 2020, nikiwa nimesharudi Dar es Salaam. Mlinzi alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema televisheni bado ipo, anatazama mpira akiupata. Mama wa Bulawayo bado anafanya kazi palepale, lakini akimaliza usafi anakwenda moja kwa moja kupanda teksi.