Sare Iliyoitwa Ushindi: Uhakiki wa Filamu ya Harvard Beats Yale 29-29

Filamu hii ya Kevin Rafferty, iliyotolewa mwaka 2008, inahusu mechi moja tu ya futiboli ya Kimarekani, baina ya vyuo vikuu viwili ambavyo ni watani wa jadi. Mechi hiyo ilichezwa tarehe 23 Novemba 1968 katika uwanja wa Harvard, na timu zote mbili zilikuwa hazijashindwa msimu huo. Tumeitazama tena, na tunaona kwamba inawafaa walimu na wanafunzi wa lugha, hata wasiopenda michezo.

Kwa ufupi, Yale, chini ya nahodha wake Brian Dowling, ilitangulia kwa 22-0. Dakika ya mwisho ilipoanza ilikuwa mbele kwa 29-13. Katika mchezo huu, kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mpinzani huleta pointi 6, kisha timu hupata nafasi ya kuongeza 1 kwa teke au 2 kwa kuufikisha tena. Harvard, ikiongozwa na mchezaji wa akiba Frank Champi, ilifanya yote hayo mara mbili. Pasi ya mwisho ilidakwa na Pete Varney wakati saa imekwisha kusimama: 29-29.

Gazeti la wanafunzi wa Harvard lilitoa kichwa cha habari ambacho filamu imekichukua kuwa jina lake. Tukifasiri, Harvard yaishinda Yale 29-29. Mwanafunzi mwangalifu atataka kusahihisha: Harvard na Yale zatoshana nguvu. Hesabu yake ni sawa na sarufi yake haina kasoro, lakini kinaya kimepotea. Kiambishi -an- hugawa tendo sawasawa kwa pande mbili, na kichwa kile kinakataa mgawo huo. Harvard walisherehekea, Yale waliondoka uwanjani kama waliofungwa. Ndiyo maana tunasema kwamba tafsiri sahihi hapa ni ile inayoonekana kuwa na kosa.

Kwa upande wa fani, Rafferty amechanganya picha za mechi na mahojiano ya wachezaji waliokwisha kuwa wazee, miongoni mwao mwigizaji Tommy Lee Jones, aliyeichezea Harvard. Jina la filamu limekwisha kutoboa siri ya matokeo, hivyo taharuki imehamia katika nyuso na maneno. Mmoja aliyecheza siku hiyo alikuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam. Mwingine, wa Yale, anakiri kwamba alikusudia kumwumiza mpinzani. Baada ya miaka 40, kila mmoja bado anatafuta kitenzi cha kueleza yaliyompata.

Udhaifu upo. Filamu haimfafanulii mgeni kanuni za mchezo, na karibu wote wanaosema ni wachezaji. Sauti ya watazamaji tunaikosa. Mwalimu atakayeionyesha darasani hana budi kutoa maelezo kwanza.

Hata hivyo tunaipendekeza. Wanafunzi waandike vichwa viwili vya habari kuhusu mechi hii, kimoja cha gazeti la Harvard na kimoja cha Yale, bila kubadili tarakimu hata moja. Hapo ndipo watakapoona kazi inayofanywa na kitenzi.