Usiku WhatsApp ilipokatika, Batina ikiwa majini

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, yapata saa mbili kasorobo usiku kwa saa za Maskati, WhatsApp ilizimika. Kimbunga Shaheen kilikuwa kimetua usiku wa jana yake baina ya Musannah na Suwaiq, kwenye pwani ya Batina nchini Oman, na Khaburah ilikuwa imepokea milimita 369 za mvua. Mawaleh, mkoani Maskati, iko upande wa kuelekea Batina. Kikundi chochote cha kujitolea kilichotegemea kampuni moja usiku ule kilikuwa kimekosea siku nyingi kabla ya mvua.

Mpango wenyewe wa mawasiliano kila mtu anaujua. WhatsApp ya maagizo, Messenger ya jamaa wa mbali, Instagram ya kuomba michango, Facebook ya matangazo. Viongozi huhesabu njia nne na kujiona wamejikinga. Lakini ni mabomba manne ya tangi moja, la kampuni ya Facebook! Wahandisi wa Facebook walitoa amri ya matengenezo kwenye mtandao mkuu unaounganisha vituo vyao vya data. Programu iliyopaswa kuizuia ikashindwa, vituo vikatengana. Seva za DNS, zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, zilipoona hazivifikii vituo, zikaondoa matangazo yake ya BGP, yanayouonyesha mtandao pa kuzifikia, na njia zote nne zikafa kwa pamoja. Hata zana za ndani za wahandisi ziliguswa. Ilichukua takriban saa sita kurudi.

Wanaojitolea hawakuitoa amri ile. Walichoamua wao ni kuchagua zana kwa kutazama alama kwenye kioo cha simu bila kuuliza mwenye mitambo ni nani, na uamuzi huo hauna utetezi. Safu hii ilishalalamika kuhusu kikomo cha wakati huo cha watu 256 kwa kundi la WhatsApp, kilichozaa “Kundi la 2” na “Kundi la 3”, kila moja na orodha yake ya mahitaji. Na simu za sauti za WhatsApp zilikuwa zimefungwa Oman, kwa hiyo hata siku njema zana ile ilikuwa nusu.

Kazi ya mikono baada ya kimbunga ilikuwa safi: watu walitoka mikoa mingine wakazoa tope majumbani.

Lakini kuhusu mawasiliano, wazee wa redio walijua zaidi. Chama cha redio za ridhaa cha Oman, ROARS, kilianzishwa 1972, na Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa mrushaji, alama yake A41AA. Kwenye dharura warushaji wa redio hukaa masafa mamoja, msimamizi mmoja anagawa zamu, na masafa ya akiba hutajwa mapema. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilipokata simu visiwani Andaman, mrushaji wa India, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair huko huko na mitambo yake, akapitisha habari za walionusurika.

Pavel Durov, mwanzilishi wa Telegram, alisema watu zaidi ya milioni 70 walijiunga na Telegram siku ile ya Oktoba. WhatsApp iliporudi, aliyehamia huko alibaki na makundi mawili hai. Moja lilipaswa kufungwa asubuhi ileile, kwa tangazo la mtu mmoja. Njia ya akiba ilikuwepo: SMS hazipiti kwa Facebook. Zinapita minara ya kampuni za simu kama Omantel na Ooredoo. Kikundi cha Mawaleh kinachojiandaa kwa kimbunga kingine kianze kwa kuandika namba za madereva wake kwenye karatasi.