Anayeishika Swichi: Tahakiki ya “The Off-Switch Game”
Hadfield-Menell na wenzake (2017) wanashikilia kwamba roboti yenye shaka kuhusu matakwa ya binadamu huona faida kumwachia swichi ya kuizima. Hoja ni nzito, na wanamfikiria hata binadamu anayekosea. Anayeshinikizwa na yule anayepaswa kuzimwa hayumo. Siasa za Bujumbura zinamjua. Mkataba wa Arusha wa 2000 uliweka ukomo wa mihula miwili ya urais. Tarehe 5 Mei 2015 Mahakama ya Katiba iliruhusu wa tatu, kwa kuwa mwaka 2005 Nkurunziza alichaguliwa na Bunge, si moja kwa moja na wananchi (mwanya ulioachwa na Katiba yenyewe). Makamu wa rais wa mahakama hiyo, aliyekimbilia Rwanda, alidai majaji walishinikizwa. Dai hilo likikubaliwa, swichi haikung’olewa: aliyeishika ndiye aliyefikiwa. Sera inayodai tu kila mfumo wa akili mnemba uwe na swichi haijaligusa tatizo hilo.